Presha ya mapafu ikipimwa nyumbani, uliza kwanza nani anaisoma

Kaka yangu anaishi na pampu ya moyo, HeartMate 3, na ndani ya ateri ya mapafu ana sensa ya CardioMEMS, kifaa kidogo cha kupima presha ya humo, ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014. Sensa yenyewe haina betri. Kwa mtu ambaye hata usingizini ameunganishwa na umeme, hiyo ni nafuu kubwa. Asubuhi hulalia mto maalumu, mto unaiamsha sensa kwa mawimbi ya redio, vipimo vinakwenda kliniki.

Kama mgonjwa wako anafikiriwa kuwekewa sensa hii, ulizeni mapema: nani anasoma vipimo hivyo, siku zipi, na wikendi je? Presha hii ikipanda mara nyingi maji yamezidi mwilini, na namba peke yake haiyatoi. Katika CHAMPION, utafiti wa sensa hii uliochapishwa mwaka 2011, kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi kulipungua kwa takriban asilimia 28 ndani ya miezi sita, kwa kuwa madaktari walikuwa wakibadilisha dawa kufuatana na presha. Ule haukuwa utafiti wa watu wa pampu, lakini somo ni lile lile.

Msichanganye presha hii na ya mkononi. Pampu inasukuma damu mfululizo, mapigo yanafifia, hivyo mashine ya kawaida ya presha mara nyingi hushindwa kusoma na kliniki hutumia Doppler, kifaa kinachosikiliza damu ikipita kwa mawimbi ya sauti. Presha ya mkononi ikipanda, pampu hupata kazi ngumu kusukuma damu na hatari ya kiharusi huongezeka. Ya mapafu inaeleza zaidi habari za maji, tena siku kadhaa kabla miguu haijavimba au mizani haijasema kitu. Ikipanda, daktari anaweza kuongeza dawa ya kukojoza au kubadili kasi ya pampu.

Ikishuka, wengi hufurahi. Mimi hapo ndipo naweka sikio. Mtu akiharisha au akitapika, damu inayofika kwenye pampu hupungua, na kengele ya mtiririko mdogo inaweza kulia. Tunapiga simu kliniki. Dawa hatupunguzi wala hatuongezi wenyewe.

Na msibabaishwe na namba ya siku moja. Angalieni mwelekeo wake, na apime kila siku wakati ule ule, amelala vile vile. Akisafiri, mto uende naye, pamoja na betri za akiba na kidhibiti cha ziada cha pampu.