Muulize Mzee wa Mawe: Jiwe la Kilimanjaro kabatini Ujiji

SWALI: Shikamoo Mzee wa Mawe. Mdogo wangu ni “mgumu”, yaani mpagazi, anabebea watalii mizigo Kilimanjaro. Kaja likizo na jiwe la kijivu, ubavu mmoja laini wenye mikwaruzo. Namwambia atatiwa ndani, anajibu barafu yenyewe inaisha, mawe ya nini kuyalinda? Nimeliweka juu ya kabati la vyombo. Kuna ubaya?
Mama Zuhura, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ubaya upo, na si wa sheria tu, ingawa kutoa jiwe ndani ya hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa.

Hebu lishushe ulitazame. Ukiona vipande vyeupe vyenye umbo la kashata, hiyo ni lava ya Kibo. Sasa pitisha kidole kwenye mikwaruzo. Kama yote inaelekea upande mmoja, yaelekea ni kazi ya barafu. Barafu ya mlimani haitulii; huteremka polepole, na mawe yaliyoganda chini yake husugua mwamba, nayo yakasuguliwa.

Barafu hiyo mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Leo hazifiki 2. Hapo mdogo wako kasema kweli. Lakini ikishakwisha, nani atakuonyesha ilifika wapi? Ni mawe hayohayo. Ukiteremka mbali na ukingo wa barafu iliyobaki, utakuta matuta ya kifusi iliyoyasukuma zamani. Jiwe lililokaa juu ya tuta hupigwa na miale itokayo anga za juu, na ndani yake hujengeka klorini-36, aina adimu ya klorini. Wataalamu wakiipima hujua jiwe limekaa wazi tangu lini. Matuta mengine ya Kibo yamekutwa na umri wa takriban miaka 20,000. Mtu akiligeuza jiwe la tuta apate pa kukalia, hesabu imeharibika. (Na wale wanaopanga vinara vya mawe ili wapige picha, mimi wananikera sana.)

Huku kwetu hata mlima Nkungwe, kule Mahale, haufiki mita 2,500, ni mfupi mno kwa barafu, kwa hiyo alama hizi hatuna.

Mdogo wako asilirudishe kwa kulitupa popote mlimani. Huko ni kumdanganya atakayekuja kupima. Aandike alipoliokota, karibu na kambi gani na kwenye njia ipi, kisha alikabidhi kwa askari wa hifadhi getini pamoja na hicho kikaratasi.