Kifurushi Kinachokwama Kwenye Prosesa ya ARM

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa lugha ya C programu ndogo inayopokea uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali, ili wachuuzi wa dagaa hapa Mwaloni wapate hesabu ya siku bila kutegemea daftari. Kifurushi chake cha msimbo kinajengeka vizuri, yaani kinageuzwa kuwa programu inayoendeshwa, kwenye kompyuta yangu mpakato. Kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, ujenzi unafika hatua ya majaribio kisha unaganda. Niliuacha usiku kucha na asubuhi nikaukuta palepale. Msimbo ni uleule, na kipande kinachosoma mizani nimekiambatisha. Je, nimeuziwa kompyuta mbovu?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, hatuoni sababu ya kuishuku kompyuta yako. Kosa limo katika msimbo tangu mwanzo, ila prosesa ya kompyuta mpakato ilikuwa inakufichia.

Umetangaza herufi kwa aina ya char (namba ya baiti moja), ukaipa jibu la getchar, amri ya C inayosoma herufi moja moja, kisha ukaagiza kitanzi kizunguke hadi herufi hiyo ilingane na EOF, alama ya kwamba data imekwisha. Kanuni za C hazisemi kama char ya kawaida ibebe namba hasi au la. Uamuzi huo umeachiwa kila mfumo. Kwenye Linux ya prosesa za x86, kama ya kompyuta yako mpakato, char huanzia -128 hadi 127, na kwenye Linux ya ARM huanzia 0 hadi 255. EOF katika mifumo hii ni -1, ambayo ikitiwa ndani ya char ya ARM hugeuka 255, na 255 haitalingana na -1 hata ungoje dagaa wote wa ziwa waanikwe wakauke. Tiba ni kubadili char kuwa int, aina ya namba kubwa zaidi inayobeba pia namba hasi, kwa sababu getchar yenyewe hurudisha int. Hata kwenye kompyuta mpakato hukuwa salama: siku mizani ikituma baiti yenye thamani 255, programu ingedhani data imekwisha na kuacha hesabu njiani.

Kabla ya kurekebisha, jenga kwenye kompyuta mpakato ukiongeza -funsigned-char, chaguo la kompaila linaloizuia char kubeba namba hasi. Jaribio likiganda na huko, umempata mwizi bila kuigusa Raspberry Pi. Lipo pia chaguo la kinyume chake, -fsigned-char, ambalo lingeufanya ujenzi wa ARM upite, lakini sisi hatulipendi, maana linafunika kidonda kibichi.

Mahali kosa linapotokea nako hufundisha. Kifurushi kinachopita kwenye amd64 (x86 ya biti 64) na kuanguka kwenye aina nyingine za prosesa, yaani arm64, ppc64el na s390x, kwa pamoja kitakufanya uishuku char. Kikianguka kwenye s390x peke yake, chunguza kwanza mpangilio wa baiti za namba kwenye kumbukumbu, kwa kuwa prosesa hiyo hutanguliza baiti yenye uzito mkubwa. Ujenzi ukikatika kwa neno Killed, mara nyingi ni RAM iliyokwisha. Punguza kazi zinazokwenda sambamba kwa make -j1.

Usiitegemee amri ya uname -m pekee, kwani hueleza kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na Raspberry Pi inaweza kuwa na kerneli ya biti 64 chini ya programu za biti 32. Amri ya dpkg --print-architecture ndiyo itakayokuambia unajengea armhf (ARM ya biti 32) au arm64 (ya biti 64).

Jaribio lililokukesha usilifute. Liwekee kikomo cha dakika 1 kwa amri ya timeout, ili likikwama tena ujenzi uanguke na kuacha taarifa ya kosa.