Mashine ya riverbu kwa studio ya nyumbani: tazama kwanza njia ya sauti

Ndugu yangu, umeeleza kwamba unarekodi kaswida na ngoma chumbani kwako Magomeni, hapa Bagamoyo, kwa kompyuta na kadi ya sauti yenye njia mbili za kuingiza na mbili za kutoa, na kwamba umechoshwa na mwangwi wa programu. Unauliza kama ununue mashine ya zamani ya riverbu, yaani ya kutengeneza mwangwi, ile ya kufungwa kwenye raki (fremu ya kupangia vifaa), au pedali ya gitaa. Kazi yangu ni hiyohiyo na mji ni huuhuu, zaidi kwa waimbaji wa kaswida na wapiga zeze na marimba waliopitia TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, na rai yangu ni kwamba jina la mashine lisubiri kwanza. Linalotangulia ni njia itakayopitisha sauti kwenda kwenye mashine na kuirudisha.

Mashine ya riverbu hupelekewa sehemu ya sauti, nayo hurudisha mwangwi mtupu unaochanganywa na sauti ya asili. Ili hayo yafanyike wakati unasikiliza wimbo mzima, inahitaji angalau njia moja ya kutoa isiyotumiwa na spika, pamoja na njia mbili za kurudishia mwangwi wa stirio. Kadi kama Focusrite Scarlett 2i2 haina njia hiyo ya ziada, kwa sababu zote mbili za kutoa zimeshachukuliwa na spika. Kwa hiyo huenda sehemu ya fedha zako ikalazimika kwenda kwenye kadi yenye njia nne za kutoa kabla hujagusa riverbu yoyote.

Hata hivyo, kadi uliyo nayo inaweza kufanya kazi kwa namna nyingine, na naipenda namna hii kwa sababu inamlazimisha mtu aamue. Toa waya za spika, unganisha njia za kutoa na mashine, zima mistari yote ya kurekodia kwenye kompyuta ubakize wa sauti ya mwimbaji, kisha rekodi mwangwi wake kwenye mstari mpya huku mashine ikiwa imewekwa kutoa mwangwi peke yake kwa asilimia 100. Ukimaliza, rudisha spika na uchanganye. Mwangwi utachelewa kidogo kwa sababu ya safari ya kwenda na kurudi, lakini unaweza kuusogeza nyuma kwenye kompyuta, au kuuacha hapo ulipo kama maneno yanasikika vizuri zaidi. Hakikisha tu kwamba mstari huo mpya haurudishwi tena kwenye njia za kutoa wakati unarekodi, maana sauti itajizungusha na kupiga kelele kali.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe. Dufu hupiga mara moja na kunyamaza, ilhali sauti za wanaoitikia hujaa na kuendelea, na si rahisi mpangilio mmoja wa mwangwi kuzitosheleza zote mbili. Kwa mwimbaji kiongozi mimi huanza na pridilei, yaani muda unaopita kabla mwangwi haujaanza, ya milisekunde 20 hadi 40, ili neno litoke zima kabla halijafunikwa. Mwangwi wa dufu huuweka mfupi, chini ya sekunde moja. Kaswida ikienda kwa mapigo 96 kwa dakika, kila pigo huchukua milisekunde 625, na mwangwi wa sekunde tatu utapita juu ya mapigo karibu matano, hadi usiweze tena kutofautisha mkono wa mpigaji mmoja na wa mwingine. Marimba ya Kigogo inahitaji uangalifu zaidi, kwani ule mchakariko wake ni sehemu ya ala, na mwangwi unaong'aa sana huugeuza kuwa mvumo wa nyuki. Hapo punguza sauti za juu ndani ya mwangwi, usiziguse za ala yenyewe.

Kwa sababu hiyo sizidharau mashine za zamani. Yamaha SPX90, ya katikati ya miaka ya 1980, mwangwi wake hauna sauti za juu zaidi ya takriban kilohezi 12, nayo ina njia moja tu ya kuingiza, lakini ukungu wake huo hukaa vizuri nyuma ya sauti ya mtu. Lexicon MX200 ni ya baadaye, ina stirio kamili na programu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo unaweza kumpa mwimbaji mwangwi wa bamba (unaoiga bamba la chuma) na dufu mwangwi wa chumba. Tundu lake la USB ni la kuiongoza mashine kutoka kwenye kompyuta, halipitishi sauti. Pedali nyingi zimetengenezwa kwa kiwango cha gitaa, ambacho ni dhaifu kuliko cha kadi, hivyo ukiipelekea sauti ya kadi bila kuipunguza, itakwaruza. Kati ya hizo mbili ulizouliza, mimi ningechukua ya raki.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 zetu utaiunguza, kwa hiyo bei yake ihesabu na transfoma. Alesis MidiVerb II, mashine nyingine ya zamani ya riverbu, hutumia adapta inayotoa volti 9 za AC (umeme geu), si DC (umeme mnyoofu). Adapta ya DC yenye kichwa kinachoingia vizuri haitaiwasha, na muuzaji wa vifaa vya simu huenda asikwambie tofauti hiyo.

Hapa pwani hewa ya chumvi hula jeki (matundu ya kuchomekea waya) na vitufe, kwa hiyo zungusha kila kitufe taratibu huku sauti ikipita na usikilize mikwaruzo. Nenda na hedifoni zako na pigo moja kavu la dufu ulilorekodi mwenyewe. Lipitishe, kisha usikilize mkia wa mwangwi mpaka uishe kabisa, sikio la kushoto na la kulia: kama unaishia kwenye mlio wa chuma au upande mmoja unakatika mapema, usilipe. Ikiwa mipangilio uliyohifadhi inapotea ukizima na kuwasha, huenda ni betri ndogo ya ndani imekufa. Hiyo hubadilishwa kwa fundi mwenye pasi ya kulehemia, na inakupa nafasi ya kuomba punguzo.