Staringi Akizidi Nguvu: Kwa Mnaoanza Kuandika Michezo ya Mfululizo

"Sehemu moja ni dakika 15," prodyusa aliniambia huku amekunja mswada wangu mkononi. "Wakili wako anaingia dakika ya tatu. Hizo 12 zinazobaki tuzijaze na nini?"

Tulikuwa tumefika sehemu ya 31 ya mchezo wangu wa kwanza wa redio, hapa Kisumu. Wakili Auma nilimuumba kwa mapenzi. Anajua sheria, haogopi polisi wala chifu, hali rushwa, na simu yake ina namba za watu wote wenye neno mjini. Wasikilizaji walimpenda hadi wakawa wanamwita mwigizaji wake "Wakili" akishuka matatu Kondele. Lakini kila shida niliyoitunga ilikuwa na dawa moja. Mjane amefukuzwa shambani, mpigieni Wakili. Kijana amekamatwa bila kosa, mpigieni Wakili. Kufikia hapo, msikilizaji angeweza kuzima redio baada ya tangazo la kwanza na asikose chochote.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu mtafika hapo pia, na mtafika mapema kuliko mnavyodhani. Mchezo ukipendwa unaongezwa, na ukiongezwa, yule mliyempa nguvu nyingi mwanzoni ili apendwe ndiye atakayewafungia njia.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe. Kwenye vibanda vya video tulikokulia, sote tulijua kwamba staringi hafi. Tulijua hivyo na bado tulikaa kwenye benchi la mbao saa mbili bila kupepesa macho. Kwa hiyo kinachoua hadithi si kwamba staringi hafi. Hadithi hufa pale staringi anapoweza kufika kila mahali, kwa wakati, na kumaliza kila jambo. Hapo wahusika wengine wote wanageuka wapiga simu tu.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kumpeleka Auma Nairobi. Niliandika mstari mmoja: "Wakili ana kesi kubwa Nairobi, atarudi mwisho wa mwezi." Nikaona nimetatua. Jumamosi yake nilikuwa soko la Kibuye, na mama ninayemnunulia omena akanishika mkono kabla hata hajanipimia. "Nieleze kitu," akasema. "Kwani Nairobi hakuna netiwaki?"

Swali lile nimelibeba hadi leo. Katika nchi hii umbali haumwondoi mtu. Tajiri aliye Mombasa anaweza kutuma pesa kwa simu kabla mgonjwa hajafika hospitalini. Ukimpeleka mhusika mbali, hujamwondoa, umemhamisha tu. Lazima ujibu kwa nini hapigiwi, au kwa nini akipigiwa hashiki.

Tazameni sinema za Marvel kwa jicho hilo. Mwaka 2016 walitaka kuonyesha mashujaa wakipigana wenyewe kwa wenyewe katika Captain America: Civil War, na ugomvi wa namna ile usingeweza kuwabeba Thor na Hulk. Mmoja wao akiegemea upande wowote, vita vimekwisha. Lakini maandalizi yalikuwa yamefanywa mwaka mmoja kabla. Mwishoni mwa Age of Ultron, ya 2015, Hulk anaondoka na ndege, mwenzake anamwita kwenye kioo cha mawasiliano, naye ananyoosha mkono na kuyakata mwenyewe. Netiwaki ipo, ila yeye hataki kupatikana, na tunajua sababu: anaogopa kile anachoweza kuwatendea watu. Mama wa omena angeridhika.

Sasa mlinganisheni na Captain Marvel, shujaa mwingine wao mwenye nguvu nyingi. Sinema yake ilitoka 2019 lakini matukio yake ni ya 1995, na mwishoni anamwachia Fury, jasusi wa Marekani, kifaa cha kumwitia. Kifaa hicho tunakiona kikitumika mwishoni kabisa mwa Infinity War, ya 2018. Basi mtazamaji anauliza, na ana haki: katika The Avengers, ya 2012, New York ilipovamiwa kutoka angani, Fury alikuwa na kifaa mfukoni, mbona hakukibonyeza? Katika Endgame, mwendelezo wa Infinity War, Captain Marvel mwenyewe anaeleza kwamba ziko sayari nyingine zilizopatwa na msiba ulioipata dunia na hazina mashujaa. Ni jibu zuri kwa miaka ile, lakini halifiki 2012. Maoni yangu ni kwamba hapo walikopa na hawakulipa lote. Mkimwingiza mwenye nguvu akiwa amechelewa, rudini nyuma mkague kila mahali ambapo angepaswa kuwa.

Jaribio langu la pili lilikuwa baya zaidi. Nilimtia Auma malaria. Nikamlaza hospitalini, nikadhani sasa amenyamaza. Kufikia sehemu ya tatu ya ugonjwa wake, wodi ilikuwa imegeuka ofisi. Watu walimletea matunda na kesi zao, naye akazitatua amelala. Sikuwa nimegusa chochote katika nguvu yake, nilikuwa nimebadilisha kiti tu. Na hata ningemzidishia homa hadi asiweze kusema, ugonjwa ule ulikuwa wangu mimi mwandishi. Haukutoka popote katika hadithi.

Kuna waliopita hapo kabla yetu, tena redioni. Superman alizaliwa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1938, lakini kriptonaiti, jiwe linalomnyong'onyeza, ilianzia kwenye mchezo wake wa redio mwaka 1943. Katuni ziliichukua baadaye, 1949. Jiwe lile lina jambo ambalo malaria yangu haikuwa nalo: ni kipande cha sayari alikozaliwa. Kinachomwangusha ni kwao. Hata hivyo walilitumia mno, hadi kila jambazi akawa na kipande chake, na mwaka 1971 waandishi wakaamua kuigeuza kriptonaiti yote iliyokuwa duniani kuwa chuma. Udhaifu ukitumika kila wiki unakuwa kama mlango wa pili wa kutokea, na msikilizaji anaujua kama anavyoujua ule wa kwanza.

Njia nyingine nitaipitia haraka kwa sababu siipendi: kumpiga mwenye nguvu mbele ya watu ili adui mpya aonekane mkali. Thanos, adui mkuu wa Infinity War, anamfanyia hivyo Hulk dakika za mwanzo za sinema hiyo, na mara hiyo moja inauma. Lakini katika Star Trek: The Next Generation, mfululizo wa 1987 hadi 1994, Worf, anayesemwa kuwa mpiganaji wa meli yao ya angani, alipigwa chini mara nyingi kwa sababu hiyohiyo, hadi watazamaji wakaacha kuamini kwamba anajua kupigana. Na msithubutu kumfanya mwerevu awe mjinga kwa sehemu mbili ili mambo yaende. Hilo wasikilizaji hawasamehi.

Nilichokuwa nakitafuta nilikipata kwenye hadithi niliyosimuliwa nikiwa mtoto, ambayo watu wa uwanda wa Kano wanaijua kama wanavyojua majina yao. Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo, alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya Walang'o, ndivyo wazee wetu walivyowaita Wanandi, ilimgonga ikadunda. Walipoona vita haviwezekani, walimpa binti mrembo amwoe. Siku moja Luanda akaugua, akamwomba mke huyo amchanje chale ampake dawa. Wembe ukagoma kwenye ngozi. Akajaribu tena, ukagoma. Ndipo Luanda akamwambia: nichanje kwenye kivuli. Mke akachanja kivuli, damu ikatoka. Akatoroka kwenda kwao na habari hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kwenye kivuli. Shujaa akaanguka, akawa jiwe.

Nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila kuitazama kama fundi. Safari hii nikajiuliza: hasa ni nini kilichomwangusha? Ugonjwa? Kila mtu huugua. Mtu wa kawaida angechanjwa, akapakwa dawa, akapona. Mke? Angekaa miaka asijue la kufanya. Ni ule ugumu wa mwili uliomlazimisha kuitoa siri. Ngozi iliyozuia mikuki ndiyo iliyozuia wembe, na wembe ulipozuiwa hakuwa na budi kusema. Nguvu yake yenyewe ilimfikisha kwenye kivuli.

Fumo Liyongo wa pwani naye anakaribia hapo. Sindano ya shaba kitovuni ndiyo pekee ingeweza kumuua, na aliyeipeleka ni mwanawe, ambaye Liyongo hakuwa na sababu ya kumficha siri.

Basi nikauliza upya kuhusu Auma. Mwili wake wa jiwe ni upi? Si sheria, maana mawakili ni wengi. Ni kwamba hawezi kumsaliti mteja. Nilikuwa nimelisema hilo tangu sehemu ya kwanza, na lilikuwa ndilo watu walilompendea. Nikamwandika mnyakuzi wa shamba akiingia ofisini kwake kimya kimya, asubuhi, kabla ya familia ya Achieng' kujua kwamba shamba lao linaliwa. Analipa ada ya ushauri, anapokea risiti, anamwaga siri zake zote mezani. Anaondoka. Wakili akishapokea siri za mtu kama mteja hawezi kuzitoa, wala hawezi kugeuka kumtetea mpinzani wake katika jambo hilohilo. Mnyakuzi alilijua hilo. Alikwenda kuununua mdomo wa Auma kwa bei ya ushauri wa nusu saa.

Baada ya hapo sikuhitaji Nairobi wala malaria. Auma yuko nyumbani, mzima wa afya, simu imejaa chaji, na hawezi.

Lakini redio ina ugumu wake, na hili mlishike kama mnaandikia sikio: mtu akinyamaza redioni hayupo. Kwenye sinema ungeonyesha uso. Sisi tulihitaji kimya kinachosikika. Katika tukio lenyewe Achieng', anayemwita Auma shangazi tangu utotoni, anakuja jioni na nakala ya hatimiliki ya baba yake. Nikaandika kwamba Auma anammiminia chai. Fundi wa sauti alileta thamosi na kikombe cha bati, akakataa kutumia maji baridi kwa sababu, alisema, maji ya moto yana sauti nzito kuliko baridi na sikio linajua. Achieng' anaongea, chai inamiminwa. Anafungua bahasha, karatasi inachakarika, chai inaendelea kumiminwa. Kikombe kinajaa, tunasikia ikifurika mezani, kisha ikidondoka sakafuni. "Shangazi, chai!" Na Auma anasema mstari wake pekee katika tukio zima: "Usinionyeshe hiyo karatasi."

Tulirekodi mara nne, studio ikanuka chai. Wiki hiyo mama wa omena hakuniuliza netiwaki. Alisema yule mwanamume ni shetani, akanipimia, akaongeza.

Mkishamfunga mwenye nguvu, kazi kubwa inabaki kwa wadogo, na hapa wengi wenu mnaharakisha. Achieng' asiwe Auma wa pili wiki inayofuata. Nilimfanya aende ofisi ya ardhi akafukuzwa kwenye foleni kwa kukosa kitambulisho, akarudi, akapewa faili lisilo lake, akarudi tena. Kila anaposhindwa, msikilizaji anapima ukubwa wa pengo. Mwenye nguvu anazidi kuonekana mkubwa kwa kutokuwepo, mradi pengo lake liume.

Ndiyo maana namheshimu sana J.R.R. Tolkien, aliyemtunga Gandalf, kwa alichofanya katika The Lord of the Rings, iliyoanza kutoka mwaka 1954. Mchawi yule anapewa pete yenye nguvu kuliko zote, anapewa kwa hiari, na anaikataa kwa sababu anajua angegeuka nini akiivaa. Tangu hapo mzigo ni wa yule mdogo, Frodo. Hata Gandalf anapoanguka shimoni na kurudi akiwa na nguvu zaidi, pete iko mbali na mkono wake, na uamuzi ule wa mwanzo bado unamfunga.

Kuhusu kumrudisha, jambo moja tu. Arthur Conan Doyle alimtupa mpelelezi wake, Sherlock Holmes, kwenye maporomoko ya maji mwaka 1893 akiwa amemchoka, na mwaka 1903 akamrudisha. Aliweza kwa sababu mwaka 1893 hakuna aliyeiona maiti. Rafiki yake alikuta nyayo na barua. Acheni nyayo, hata kama mmekwisha kuapa kwamba hamtamrudisha.

Mimi nilimrudisha Auma sehemu ya 52. Kesi ilikuwa imekwisha, Achieng' ameshinda, kwa shida, na kwa kuuza ng'ombe wawili ambao Auma angewaokoa kwa barua moja. Auma anafika jioni, anabisha hodi. Mwigizaji wa Achieng' alikuwa msichana makini, alisoma mswada akauzungushia duara neno moja, akanijia kabla ya kurekodi.

"Hapa umeandika 'Karibu, Wakili,'" akasema. "Si huwa namwita shangazi?"

Nikamwambia aseme kama ilivyoandikwa.