Kabla ya kumwambia mtu neno "pathetic"

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba ulimwandikia mfanyakazi mwenzako kwa Kiingereza kuwa habari za kuugua kwake ni "pathetic", ukikusudia kuonyesha huruma kama kamusi yako ilivyokueleza, naye akakasirika. Kamusi yako haikukudanganya, kwa kuwa neno hilo, ambalo asili yake ni "pathos" ya Kigiriki, yaani mateso au hisia kali, hapo awali lilimaanisha chenye kugusa moyo, na maana ya kutia huruma ingali hai katika maelezo ya kilio cha mtoto au hali ya mnyama aliyejeruhiwa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya leo, likielekezwa kwa mtu, juhudi zake au udhuru wake, husikika karibu kila mara kama dharau. (Katika "pathetic fallacy", istilahi aliyoibuni mhakiki wa sanaa Mwingereza John Ruskin mwaka 1856 kueleza kuvipa vitu vya maumbile hisia za kibinadamu, dharau hiyo haimo.)

Mwombe radhi kwa sentensi moja, bila kumfundisha historia ya neno. Siku nyingine andika "I am sorry to hear that". Usikimbilie "pitiful", kwani nayo huchoma vilevile. Barua ya kikazi yenye uzito mpe mhariri anayekimudu Kiingereza aipitie kabla hujaituma.