5895 ina nini zaidi ya kuwa urefu wa mlima?

Mkuu umeuliza kama 5895 ina lolote kihesabu au ni mita za Kilimanjaro tu basi. Ngoja nikujibu mimi maana hii namba ilishanila hela.

Nipo Moshi, nashughulika na kupandisha wageni mlimani. Kuna msimu niliagiza fulana 40 za wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, kifuani 5895 M. Sasa mimi mahesabu yangu nacheki kwa kujumlisha tarakimu, 5+8+9+5 unapata 27, inagawanyika kwa 9, safi. Sampo ikatumwa WhatsApp usiku, nimechoka, nikajumlisha chapuchapu nikaona 27, nikajibu "poa, chapa". Kesho yake nafungua mzigo, fulana zote 40 zimeandikwa 5985! Tarakimu zilezile zimebadilishana viti tu kwahiyo jumla haikucheza. Mhasibu anaijua hii, ukipindua tarakimu, tofauti ya namba hizo mbili lazima igawanyike kwa 9, na hapa ni 90 kamili. Yaani kipimo changu kilikuwa kipofu kwa kosa lenyewe nililolifanya.

Kwa hasira nikakaa na kalamu nikazichambua zote mbili. 5895 ni 3×3×5×131. Hiyo 131 ni namba tasa, isome mbele isome nyuma ni ileile, na ukizipanga upya tarakimu zake, 113 na 311, zote tasa vilevile. Vigawanyo vyake, yaani namba zinazoigawanya bila baki, jumla 12. Ile ya kosa, 5985, ni 3×3×5×7×19, vigawanyo 24, mara mbili! Kosa limeizidi namba halali, hapo nilicheka peke yangu.

Lakini utamu wenyewe alinionyesha mpwa wangu, yupo kidato cha sita. Akaniambia "mjomba, hebu ipate 5895 kwa kujumlisha namba za mraba", yaani 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea. Nikahangaika na mbili, wapi. Tatu, wapi. Jioni nzima chai imepoa, dogo ananiangalia tu. Kumbe kwa mbili au tatu haiwezekani kabisa na sababu ni nyepesi: chukua namba yoyote ya mraba gawanya kwa 8, baki itakuwa 0, 1 au 4, hakuna nyingine. 5895 ukigawanya kwa 8 inabaki 7. Sasa jaribu kupata 7 kwa vibaki vitatu vya hivyo, 4+1+1 ni 6, 4+4+1 ni 9 ambayo inarudi kuwa 1, 1+1+1 ni 3, utazunguka weee hupati, mpaka uongeze cha nne, 4+1+1+1. Na nne zinatosha siku zote kwa namba yoyote nzima, hilo mwanahisabati Lagrange alilithibitisha mwaka 1770.

Basi nikaanza na 75, mraba wake 5625, imebaki 270, nayo ni 225+36+9. Kwahiyo 75, 15, 6 na 3, piga mraba zote jumlisha uone. Zipo njia nyingine pia, hiyo ndo niliyoipata mimi.

Fulana wagumu walizichukua hivyohivyo, wageni wenyewe wala hawakushtuka. Ukipita stendi ukamwona mtu kifuani ana 5985 ujue ni mzigo wangu.