Usimtumie hiyo mistari, mkuu

Mleta mada, weka simu chini kwanza. Kaka yako kauza kiwanja cha marehemu baba, sasa kapooza upande mmoja, na wewe unaomba "mistari mikali ya malipo ya uovu" umtumie wodini, halafu ndiyo uende baraza la ardhi. Usitume.

Mimi nilituma. Dada yangu alikula hela yangu ya kikoba, mwaka huohuo mwanawe akalazwa. Saa kumi na moja alfajiri nikamwandikia Hesabu 32:23, kwamba dhambi yake imempata. Nilijiona nabii Eliya kabisa, imebaki joho tu. Tiki mbili za buluu, kimya. Siku ya tatu mtoto akafariki. Msibani shemeji alinipokea getini, akanionyesha kiti nje, karibu na masufuria, nikakaa hapohapo hadi wanarudi makaburini. Hela dada alisharudisha yote, kupitia watu. Salamu hakuna, huu mwaka wa sita.

Na yule mwalimu wa semina aliyetuambia kila ugonjwa una dhambi yake! Kitini chake nilinunua elfu kumi, ukurasa wa kwanza Ayubu 4:8, wanaolima uovu huvuna huohuo. Hakutuambia msemaji ni Elifazi, mmoja wa rafiki waliomlaumu Ayubu alipopatwa na mabaya, wala kwamba ukifika 42:7 Mungu anamwambia Elifazi huyohuyo hasira Yake imewaka juu yake. Yaani nimelipia utetezi wa mtu aliyeshindwa kesi, na nikaupigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Sisemi uovu haulipwi. Mfalme Ahabu alilipia dhuluma ya shamba la Nabothi, tena kwa damu. Ila soma 1 Wafalme 21 taratibu: Eliya anamfuata akiwa mzima, mfalme mwenye jeshi, yumo ndani ya shamba lenyewe la dhuluma. Hakumsubiri alazwe. Na wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Yesu alikataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Kwa hiyo mtu mwambie uovu wake akiwa na nguvu za kukujibu. Akishaanguka, usiokote maumivu yake ukaanza kurudi nayo nyuma kutafuta dhambi.

Hata rafiki za Ayubu siku saba za kwanza walikaa naye chini bila neno. Waliharibu walipofungua midomo. Peleka uji, ukae kwenye benchi.

Kidole kikiwasha sana, hiyo mistari nitumie mimi. Nimeshazoea tiki za buluu.